Safari ya Lamu na kiondo cha dawa

Basi letu lilikuwa limeipita Mtito Andei kwa muda wa nusu saa hivi lilipokohoa mara mbili, likafuka moshi na kusimama kando ya barabara. Ilikuwa saa nane za usiku, Desemba 2019. Abiria waliokuwa wamelala waliamka wakiulizana kulikoni. Dereva aliteremka na tochi, akakaa huko chini kitambo, kisha akarudi na habari ambazo msafiri yeyote wa barabara ya Mombasa huchukia kuzisikia: gari haliendi mbele wala nyuma.

Kulipokaribia kupambazuka, basi jingine lilikuja kutuchukua. Lilikuwa na viti, lakini buti lake lilikuwa limejaa pomoni. Utingo akatuambia tupande sisi kwanza, mizigo ingefuata. Kwa uchovu tuliokuwa nao, hakuna aliyebisha. Tulikuwa tumefika Voi, tunakunywa chai kwa mandazi, Mama aliponishika mkono na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, lile sanduku langu la buluu uliliweka wapi?"

Nililiweka kwenye buti. Na ndani ya sanduku hilo, chini kabisa, chini ya leso na zawadi tulizokuwa tukiwapelekea jamaa zetu wa Lamu, mlikuwa na insulini yake, sindano zake, mashine yake ya kupimia sukari na vidonge vyake vya shinikizo la damu.

Mama anaugua kisukari. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 61, na kwa miaka sita alikuwa akijidunga insulini kila asubuhi na kila jioni. Dawa ya namna hii haina likizo. Mwenye kuumwa na kichwa anaweza kukosa dawa yake leo akaimeza kesho. Anayetegemea insulini akiikosa, sukari hupanda katika damu, mwili huanza kukauka maji, na mambo yakiachwa hivyo mgonjwa anaweza kuzimia na hata kufa.

Tulifika Mombasa saa nne za asubuhi. Pale karibu na Mwembe Tayari tuliingia katika duka la kwanza la dawa tuliloliona. Muuzaji alimpima Mama kidoleni, mashine ikasoma 17.8. Akauliza, "Mama, unatumia insulini gani?"

"Ile ya kichupa," Mama akajibu.

"Zote ni za kichupa, Mama. Kuna inayofanya kazi haraka, kuna ya polepole na kuna iliyochanganywa. Siwezi kukisia. Nikikosea naweza kukuua."

Alikuwa na haki. Nami, mtoto wa kwanza wa Mama, niliyesoma hadi chuo cha uandishi na kujiona mjuzi wa mambo, sikujua jina la dawa inayomweka mama yangu hai. Nilimpigia simu mdogo wangu aliyebaki Nairobi. Ilimchukua saa nzima kufika nyumbani, kupekua chumba cha Mama na kuipata kadi ya kliniki. Akaipiga picha, akaituma. Hapo ndipo muuzaji alipofungua friji yake.

Sanduku la buluu lilitufikia siku mbili baadaye. Insulini iliyokuwemo ilikuwa na chembechembe nyeupe zilizonata kwenye kioo cha kichupa. Joto la Tsavo na la buti la basi lilikuwa limeiharibu. Tukaitupa.

Siri iliyotuponza

Baadaye nilijiuliza sana kwa nini dawa ile iliwekwa chini kabisa ya sanduku, mahali pasipofikika. Jibu nilikuwa nalo, ila sikutaka kulisema. Mama alikuwa akiuficha ugonjwa wake.

"Ukiwaambia watu una kisukari," alizoea kusema, "kila mmoja hugeuka daktari. Huyu anakuletea mizizi, yule anakutangazia kifo."

Hata dada yake mdogo, ambaye aliolewa Lamu miaka mingi iliyopita, hakujua. Katika safari ile ya 2019 niliona kwa macho yangu Mama akiandaliwa halua na tambi za sukari, naye akila ili asiulizwe maswali. Alijidunga sindano chooni, mlango ukiwa umefungwa kwa komeo.

Nadhani nyumba nyingi zina siri kama hii. Kuna kijana wa shule aliye na pumu asiyetaka wenzake wakione kifaa chake cha kuvuta dawa. Kuna mwenye kifafa anayemeza vidonge gizani. Kuna anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi, ambaye akienda mashambani hukosa dawa siku tatu nzima kwa kukosa faragha ya kuzimeza. Nyumbani siri hiyo inaweza kuvumilika. Safarini huweza kuua, kwa kuwa safarini mtu hutegemea watu wengine.

Kwa hivyo, mwaliko wa harusi ya binamu yangu ulipotufikia mwaka 2024, nilimwekea Mama sharti moja: kabla hatujakata tikiti, ampigie dada yake simu na kumwambia ukweli.

Alikaa na simu mapajani kwa siku mbili. Siku ya tatu akapiga. Nilikuwa jikoni nikisikia upande mmoja tu wa mazungumzo. Baada ya Mama kusema alichosema, kukawa kimya kirefu, kisha nikamsikia akicheka huku akilia. Mama mdogo alikuwa amemjibu, "Dada, mimi nina presha mwaka wa nne huu, na wewe sijakuambia."

Kufunga mizigo

Usiku wa kuamkia safari tulitandaza kila kitu juu ya meza ya chakula, nyumbani Buruburu. Ningependa msomaji aone namna tulivyofanya, kwani mengi ya haya yanamfaa mgonjwa wa maradhi yoyote ya kudumu.

Kwanza tulihesabu. Safari ilikuwa ya siku kumi, tukapakia dawa za siku ishirini. Baadhi ya ndugu walituona tunatia chumvi. Lakini anayeijua njia ya Lamu hatacheka. Novemba 2023, mvua za El Niño zilipofurika, barabara ya kutoka Garsen kwenda Lamu ilikatwa na maji na wasafiri wakakwama. Mafuriko hayamuulizi mtu amebakiwa na vidonge vingapi. Kichupa kimoja cha insulini cha mililita 10 huwa na yuniti 1,000. Mama hutumia yuniti 40 kwa siku, kwa hivyo kichupa kimoja humtosha siku 25. Hata hivyo tulibeba viwili.

Pili, tuligawa. Kichupa kimoja, nusu ya sindano na nusu ya vidonge vilikaa katika kiondo cha Mama. Vingine vilikaa katika mkoba wangu wa begani. Hakuna hata kidonge kimoja kilichoenda katika mzigo mkubwa.

Tatu, kila dawa ilibaki katika paketi yake yenye jina. Watu wengi hupenda kumwaga vidonge vyote katika kikopo kimoja ili kupunguza mzigo. Siku utakapougua njiani, daktari atakitazama kikopo hicho kama anayetazama mchanganyiko wa njugu. Vivyo hivyo kwa vitamini, madini na unga wa miti shamba uliofungwa katika karatasi ya kaki. Askari wa mpakani hawezi kujua ule ni mwarobaini au ni kitu kingine. Isitoshe, virutubishi hivi havipatani na kila dawa. Vidonge vya chuma au kalsiamu, kwa mfano, vikimezwa pamoja na dawa ya upungufu wa homoni ya tezi ya shingo, huizuia dawa hiyo isiingie vizuri mwilini. Inapasa kuviachanisha kwa saa nne hivi. Mwambie daktari kila unachomeza, hata kile ulichokinunua bila kuandikiwa.

Nne, tuliomba kliniki barua fupi yenye muhuri: jina la Mama, ugonjwa wake, majina halisi ya dawa, kipimo cha kila moja, na kwamba anabeba sindano. Jina halisi la dawa ndilo muhimu, kwa sababu jina la kibiashara la Nairobi huenda lisijulikane kwingine. Barua hiyo niliipiga picha, nikaituma kwa ndugu zangu wote. Sikutaka tena mtu apekue chumba kwa saa nzima.

Tano, chakula na sukari. Pakiti ya glukosi, biskuti, ndizi mbili na chupa ya maji. Watu hudhani mgonjwa wa kisukari hapaswi kukaribia sukari. Kumbe anayetumia insulini ndiye hasa wa kuibeba, kwani dawa ikizidi chakula, sukari hushuka ghafla mwilini.

Kuhusu baridi, insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa katika nyuzi 2 hadi 8, yaani ndani ya friji, pasipo kuganda. Ile iliyofunguliwa inaweza kukaa nje kwa wiki nne hivi mahali pasipo na joto kali. Sisi tulitumia thamosi yenye mdomo mpana: barafu kidogo chini, taulo juu yake, na kichupa juu ya taulo ili kisiguse barafu.

Njiani

Treni ya Madaraka, iliyoanza safari zake mwaka 2017, huondoka Syokimau saa mbili za asubuhi na kusimama katika vituo vya njiani. Kabla ya kupanda, mizigo hupangwa sakafuni kwa mstari ili mbwa wa polisi wainuse, kisha hupitishwa katika mashine ya kumulika. Mashine haidhuru dawa. Askari mmoja aliziona sindano, akauliza. Mama mwenyewe alitoa barua na kusema bila kunong'ona, "Nina kisukari, kijana wangu." Yule askari akamwambia mama yake pia anacho, akatupisha.

Nilimtazama Mama akiketi dirishani, kiondo mapajani, akiwahesabu ndovu wa Tsavo waliopakwa udongo mwekundu. Miaka mitano awali tulipita hapo hapo gizani, na sanduku la buluu lilikuwa limeachwa nyuma.

Tulilala Mombasa. Asubuhi tukapanda basi la Lamu. Safari hiyo huchukua muda wa saa saba au zaidi, kutegemea vizuizi. Unavuka daraja la Kilifi, unaipita Malindi, minazi inapungua, nchi inakuwa tambarare, na huko Garsen unauvuka Mto Tana. Mbele ya hapo abiria huteremshwa kwenye vizuizi vya polisi na kuonyesha vitambulisho. Barabara iliyokuwa ya vumbi sasa ina lami, lakini jua ni lile lile. Tulichagua viti vya upande wa kivuli. Mtu akisahau dawa dirishani penye jua, au ndani ya gari lililofungwa, huwa ameipika.

Mokowe ndipo barabara inapoishia. Kutoka hapo ni mashua. Agosti ni wakati wa kusi, bahari huchafuka na mawimbi hurusha maji ndani ya chombo. Dawa zetu zilikuwa ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko cha kukaza, ndani ya kiondo. Wengine walifika Lamu wamelowa mizigo yote. Dawa za Mama zilifika kavu.

Ukarimu wa friza

Lamu ni mji wa vichochoro na punda, mji wa kale uliotambuliwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001. Mama mdogo alitupokea gatini kwa kicheko na machozi. Tulipofika nyumbani alichukua kichupa kutoka kiondoni na kusema, "Dada, hii niachie mimi, nitaiweka kwenye baridi."

Asubuhi yake tulikikuta kwenye friza, katikati ya vipande vya nguru, kimeganda kama lambalamba. Alikuwa ametaka kutenda wema, akachagua baridi kuliko zote iliyokuwepo nyumbani mwake. Kosa lilikuwa letu, maana tulimwambia "baridi" bila kueleza ni baridi ipi. Insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka. Inatupwa.

Mama mdogo alishika kichwa. Mama akamwambia asijali, akanitazama. Nikatoa kichupa cha pili kwenye mkoba wangu. Siku 25 mkononi, na safari ilikuwa imebakiza siku saba. Wale ndugu waliotucheka Nairobi sijui wangesema nini.

Kichupa hicho tukakiweka katikati ya friji, mbali na kile kibaraza cha juu kinachogandisha. Stima ilipokatika jioni, jirani alituletea mtungi wa udongo. Katika nchi kavu, mtungi wenye maji ndani ya mchanga hupoza vizuri, kwa kuwa maji yanayokauka huondoka na joto. Pwani, ambako hewa yenyewe ina unyevu mwingi, nguvu yake hupungua, lakini bado ni afadhali kuliko dirishani. Na habari njema ni hii: utafiti wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva, uliochapishwa mwaka 2021 kwa kufuata vipimo vya joto vya kambi ya wakimbizi ya Dagahaley hapa Kenya, ulionyesha kwamba insulini inaweza kustahimili joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne bila kupoteza nguvu. Hilo lisimfanye mtu aache friji yake, lakini lisimfanye pia atupe dawa kwa hofu ya saa mbili za giza.

Siku ya harusi

Asubuhi ya harusi Mama alijidunga dawa yake, akanywa chai na mkate. Chakula cha mchana kilitarajiwa saa saba. Anayezijua harusi zetu anajua kilichofuata. Saa nane ikapita, masinia ya pilau hayajatoka. Vifijo na ngoma viliendelea. Mimi nilikuwa nje na wanaume, nikibeba viti.

Ndani, Mama alianza kutokwa na jasho. Mikono ikamtetemeka. Mtu alimuuliza jambo, akajibu jambo jingine kabisa. Wanawake waliokuwa karibu walidhani ni joto la ukumbi, mmoja akaanza kumpepea. Aliyejua ni Mama mdogo peke yake. Simu ile ya Nairobi, na maelezo tuliyompa usiku wa kuwasili, vilikuwa vimemfundisha dalili. Aliiacha shughuli ya binti yake, akakoroga vijiko vitatu vya sukari katika maji, akamnywesha dada yake, kisha akamtuma mtoto aniite.

Mashine ilisoma 3.1. Kwa mgonjwa wa kisukari, chini ya 4 ni hatari. Tulingoja robo saa, tukapima tena: 4.6. Akala biskuti na ndizi, na baadaye pilau. Kama angekuwa amezimia, tusingalimtia chochote mdomoni, maana angeweza kupaliwa. Tungalimkimbiza hospitali. Lamu mjini ipo hospitali ya kaunti, lakini kwa aliye Kizingitini au Kiunga ni safari ya mashua.

Usiku niliwaza sana. Kama harusi hiyo ingefanyika mwaka 2019, Mama mdogo angempepea dada yake kama wale wengine.

Kwa wengine

Wanaosafiri kwa ndege wakumbuke kwamba dawa hukaa katika mkoba wa mkononi. Mizigo mikubwa hupotea, na huko chini inaweza kupata baridi kali. Anayekwenda Uarabuni aulize mapema. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, dawa kali za maumivu kama tramadoli na zenye kodeini zinadhibitiwa na huhitaji kibali, hata ukiwa umeandikiwa na daktari wako Nairobi. Anayekwenda Ulaya au Marekani aulizane na daktari kuhusu kubadilika kwa saa. Mwenye siko seli abebe asidi yake ya foliki na maji ya kutosha. Mwenye pumu aweke kifaa chake mfukoni, wala si begini. Sindano zilizotumika zitiwe katika chupa ngumu yenye kifuniko na kurudishwa kliniki. Usimwachie mwenyeji wako sindano katika taka zake.

Siku ya kurudi, huko Mokowe, utingo wa basi alikuwa akikusanya mizigo. Akanyoosha mkono kukichukua kiondo cha Mama akitie butini pamoja na mengine.

"La, mwanangu," Mama akamwambia. "Hiki ni cha dawa zangu. Mimi na hiki tunakaa kiti kimoja."

Utingo akacheka, akampa kiti cha mbele. Desemba yaja, msomaji, na wengi wetu tutafunga safari kwenda kuwaona wazee. Kabla ya kupanga nguo na zawadi, zitandaze dawa mezani kwanza. Na kabla ya hilo, piga simu huko uendako.